Kusoma Lugha na Fasihi katika Diploma ya IB: Mwongozo kwa Mwanafunzi Anayetoka Tabora au Kigoma

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kijana aliyemaliza Kidato cha Nne Tabora mjini, Nzega, Kasulu au Ujiji, na ambaye badala ya kwenda Kidato cha Tano katika tahasusi kama HKL au HGL amepata nafasi, mara nyingi kwa ufadhili, katika shule inayotoa Diploma ya International Baccalaureate, ambayo wengi huiita IB. Hapa nchini shule za namna hiyo zinapatikana katika miji kama Dar es Salaam, Moshi na Arusha. International School of Tanganyika na UWC East Africa ni miongoni mwake. Mzazi naye atafaidika akiusoma, kwa sababu baadhi ya maamuzi yanayoelezwa hapa hufanywa nyumbani kabla mtoto hajapanda treni.

Nitajikita katika somo moja tu kati ya sita ambazo mwanafunzi husoma, yaani Lugha na Fasihi. Sababu yangu ni kwamba somo hili huwatatiza hata wanafunzi waliopata A ya Kiswahili na A ya Kiingereza katika Kidato cha Nne, na shida yao kwa kawaida haitokani na uhaba wa akili wala wa msamiati. Inatokana na mazoea ya kuchambua fasihi tuliyofundishwa, ambayo yanafaa kwa mtihani ule na hayatoshi kwa mtihani huu.

Ielewe kozi kabla ya kuichagua

Kundi la kwanza la masomo ya Diploma ni la lugha ambayo mwanafunzi anaimudu kiasi cha kuitumia kufikiri na kubishana kitaaluma. Ndani yake mna kozi ya Fasihi, inayoshughulika na kazi za kifasihi peke yake, na kozi ya Lugha na Fasihi, ambamo riwaya, tamthilia na mashairi husomwa bega kwa bega na hotuba, matangazo ya biashara, makala za magazeti, katuni, picha na kurasa za mitandao. Ipo pia kozi ya tatu, ya Fasihi na Maonyesho, ambayo hutolewa katika ngazi ya kawaida pekee na haipatikani katika shule nyingi.

Kozi huchukua miaka miwili. Ngazi ya kawaida imepangiwa saa 150 za kufundishwa na ngazi ya juu saa 240. Katika Lugha na Fasihi, mwanafunzi wa ngazi ya kawaida husoma kazi za fasihi zisizopungua 4 na wa ngazi ya juu zisizopungua 6. Alama ya mwisho ya somo huanzia 1 hadi 7.

Upimaji uko hivi. Karatasi ya Kwanza, ya kuchambua matini ambayo hujawahi kuiona, hubeba asilimia 35 katika ngazi zote mbili. Karatasi ya Pili, ambayo ni insha ya kulinganisha kazi mbili za fasihi, hubeba asilimia 35 katika ngazi ya kawaida na asilimia 25 katika ngazi ya juu. Mtihani wa mdomo una asilimia 30 kwa ngazi ya kawaida na 20 kwa ngazi ya juu. Asilimia 20 zinazobaki kwa ngazi ya juu ni za insha ndefu ambayo mwanafunzi huiandika kwa muda wake nje ya chumba cha mtihani.

Chagua lugha na ngazi

Swali la kwanza utakaloulizwa na mratibu wa Diploma shuleni ni lugha ipi utaisoma kama lugha yako ya kwanza ya kitaaluma. Kijana wa Kigoma aliyekua na Kiha nyumbani, Kiswahili mtaani na shule ya msingi, kisha Kiingereza sekondari, huenda akadhani kwamba hana jibu. Jibu analo, nalo ni Kiswahili. Ikiwa shule haina mwalimu wa Kiswahili, bado kuna utaratibu wa kujisomea kwa kusimamiwa na shule, ambao unaruhusiwa kwa kozi ya Fasihi katika ngazi ya kawaida tu. Katika utaratibu huo unasoma kazi 9, na sehemu kubwa ya kuzitafuta na kuzipanga inakuangukia wewe.

Kwa maoni yangu, anayejiweza katika Kiingereza asome Fasihi ya Kiswahili kwa utaratibu huo, kisha achukue Lugha na Fasihi ya Kiingereza kama kozi ya pili ya kundi la kwanza. Akipata angalau alama 3 katika kila moja, na akatimiza masharti mengine ya Diploma, hutunukiwa Diploma ya lugha mbili. Ambaye Kiingereza chake bado kinayumba abaki na Kiswahili katika kundi la kwanza na asome Kiingereza katika kundi la pili, ambalo hupima umilisi wa lugha ya ziada na linaruhusu ngazi ya juu pia. Hakuna fedheha katika uamuzi huo. Tatizo ni kuchukua Kiingereza katika kundi la kwanza kwa ajili ya sifa, halafu ukatumia miezi sita ya mwanzo kutafuta maana za maneno huku wenzako wakijadili kwa nini maneno hayo yalichaguliwa.

Uamuzi huu usifanywe kwa simu siku ya mwisho. Mwandikie mratibu mara tu unapopata barua ya kukubaliwa, umuulize lugha zinazofundishwa, kama shule inasimamia kujisomea kwa Kiswahili, na nani atakayekuwa mwalimu msimamizi.

Tumia vizuri miezi ya nyumbani

Mtihani wa Kidato cha Nne hufanyika Novemba, na shule nyingi za Diploma zinazofuata mzunguko wa mitihani ya Mei huanza mwaka wao Agosti. Kipindi hicho kirefu wengi hukipoteza katika masomo ya awali ya Kidato cha Tano ambayo hawatayahitaji. Wewe kitumie kusoma vitabu vizima. Nasisitiza neno vizima kwa sababu vijitabu vya uchambuzi wa vitabu teule, vile vinavyouzwa karibu na stendi na kila stationari, vimewazoesha wanafunzi kujua dhamira za riwaya ambayo hawajafungua hata ukurasa wake wa pili. Katika Diploma, kijitabu hicho hakikusaidii, na kunakili kutoka humo bila kutaja chanzo ni kosa la uaminifu wa kitaaluma linaloweza kukunyima alama ya somo.

Jiandikishe katika maktaba ya mkoa. Soma riwaya moja, tamthilia moja na diwani moja, na kila unapofunga kitabu andika nusu ukurasa kuhusu mahali pamoja ulipohisi mwandishi amekushika: ni maneno gani yaliyofanya kazi hiyo, na yameifanya vipi. Usiandike muhtasari wa hadithi.

Kwa anayetoka Tabora lipo zoezi moja lenye ladha ya nyumbani. Mwalimu Julius Nyerere, aliyesoma Tabora kuanzia mwaka 1937 hadi 1942 na baadaye akafundisha St. Mary's mjini humo humo, alichapisha mwaka 1963 tafsiri ya Kiswahili ya tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar. Tafuta hotuba ya Antony mbele ya maiti ya Kaizari, uisome kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Antony anamsifu Brutus, mmoja wa waliomuua Kaizari, kuwa ni mtu wa heshima, anarudia sifa hiyo tena na tena, na kila anapoirudia anaweka mbele yake tendo jema la Kaizari, hadi sifa yenyewe inageuka kuwa shutuma bila neno lake hata moja kubadilika. Jiulize kama Kiswahili kimeubeba mgeuko huo kwa njia ileile au kwa njia yake. Ukiweza kueleza hilo kwa sentensi tano, umeshaanza kozi.

Fani na maudhui zisikae vyumba viwili

Hapa ndipo pa kutulia, maana sehemu zote za mtihani zinategemea jambo hili.

Sekondari tunafundishwa kugawa kazi ya fasihi katika fani na maudhui. Kwenye maudhui tunaorodhesha dhamira, migogoro, ujumbe na falsafa ya mwandishi. Kwenye fani tunaorodhesha muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha. Mwanafunzi hodari hujaza orodha zote mbili na hupata alama zake. Ni yeye anayeandika kwamba mwandishi ametumia lugha rahisi inayoeleweka, ametumia tashibiha katika ukurasa wa 12, takriri katika ukurasa wa 30, na kwamba amefaulu kifani na kimaudhui.

Msahihishaji wa Diploma akisoma aya hiyo atakubali kwamba takriri ipo, kisha atauliza: kwa hiyo? Kigezo cha uchambuzi na tathmini kinapima jinsi unavyoonyesha kwamba uteuzi fulani wa mwandishi unazalisha maana fulani kwa msomaji. Orodha ya tamathali za usemi, hata iwe ndefu namna gani, haijafika huko.

Tuchukue mfano wa tangazo la aina ambayo kila msafiri wa kanda yetu ameiona ikiwa imebandikwa karibu na dirisha la tiketi:

ABIRIA MNAOMBWA KULINDA MIZIGO YENU. KAMPUNI HAITAHUSIKA NA UPOTEVU WOWOTE. WATOTO WENYE UMRI ZAIDI YA MIAKA MITANO WALIPE NAULI. KARIBUNI TENA.

Tuseme swali elekezi, yaani swali linaloambatana na matini katika Karatasi ya Kwanza, linauliza: tangazo hili linajenga uhusiano gani kati ya kampuni na abiria? Mwanafunzi wa kwanza anaandika hivi:

"Mwandishi ametumia herufi kubwa ili kuvuta usikivu. Pia ametumia lugha rahisi. Vilevile ametumia lugha ya adabu kama vile mnaombwa na karibuni. Dhamira kuu ni usalama wa mizigo."

Hakuna kosa la ukweli hapo, lakini hakuna hoja. Mwanafunzi wa pili anaandika:

"Tangazo linavaa sauti ya mwenyeji huku likimwachia mgeni mzigo wote. Kitenzi cha kutendwa katika 'mnaombwa' kinamficha anayeomba, kwa hiyo abiria anapokea ombi ambalo hana wa kumjibu. Sentensi inayofuata inaitaja kampuni waziwazi kwa mara ya kwanza, na inaitaja pale tu inapojivua wajibu. Kikanushi cha wakati ujao katika 'haitahusika' kinatoa uamuzi kabla tukio halijatokea, na kivumishi 'wowote' kinaziba kila upenyo wa kudai. Makaribisho ya mwishoni, yakija baada ya amri ya nauli, yanasikika kama adabu ya mtu ambaye tayari ameshafunga dirisha."

Mwanafunzi huyu hakutumia istilahi nyingi kumzidi mwenzake. Tofauti ni kwamba kila istilahi aliyoitaja imefungwa na athari yake ndani ya sentensi hiyohiyo, na sentensi zote zinatumikia dai moja lililotangulia. Pia amezingatia mpangilio: ameona kwamba kampuni haitajwi mwanzoni, na ameona makaribisho yamekaa baada ya nini. Wanaoanza husahau kuwa mahali neno lilipowekwa ni uteuzi wa mwandishi sawa na neno lenyewe.

Jizoeze kwa matini za karibu nawe. Bango la kampeni ya afya katika zahanati, maneno ya mgongoni mwa daladala, tangazo la mnada, risala ya harusi, karatasi ya masharti ya mkopo wa kikundi: vyote vinafaa, na msomaji wa Tabora au Kigoma ana faida kwamba anawajua wanaozungumzwa humo. Fanya kwanza kwa Kiswahili, lugha ambayo masikio yako yanakamata kejeli upesi, halafu fanya kwa Kiingereza. Nimeona wanafunzi wakijaribu njia ya kinyume, na mara nyingi wanaishia kutafsiri orodha ileile ya tamathali.

Panga kazi zako mapema

Mwalimu ndiye huteua vitabu vingi, lakini wewe unapaswa kujua kanuni. Katika ngazi ya kawaida ya Lugha na Fasihi, angalau kazi moja iwe imeandikwa awali katika lugha unayoisoma na moja iwe ya tafsiri, zote mbili zikiwa za waandishi walio katika orodha rasmi ya IB. Katika ngazi ya juu ni mbili na mbili. Zinazobaki huchaguliwa kwa uhuru zaidi. Shakespeare wa Nyerere, kwa hesabu hiyo, ni kazi ya tafsiri kwa anayesoma Kiswahili, lakini kwa anayesoma Kiingereza ni mwandishi wa lugha yake na hawezi kujaza nafasi ya tafsiri.

Kuna kanuni nyingine ambayo wanafunzi huikumbuka wakiwa wamechelewa: kazi uliyoitumia katika mtihani wa mdomo au katika insha ya ngazi ya juu huwezi kuitumia tena katika Karatasi ya Pili. Chora jedwali mwanzoni mwa mwaka wa kwanza, uandike kila kazi na mahali unapokusudia kuitumia, na ubakize angalau tatu kwa ajili ya Karatasi ya Pili, kwa sababu swali linaweza kukataa kuoana na mojawapo.

Jalada la mwanafunzi, yaani daftari la kuwekea mawazo yako kuhusu unayoyasoma, ni la lazima ingawa halisahihishwi na mtahini wa nje. Nunua kauntabuku kubwa, uiite jina hilo, na uandike humo kila wiki.

Mtihani wa mdomo

Mtihani huu hudumu dakika 15: unazungumza kwa dakika 10, kisha mwalimu anakuuliza maswali kwa dakika 5, na yote hurekodiwa. Unaingia na dondoo mbili zisizo na alama yoyote ya kalamu, moja kutoka kazi ya fasihi na nyingine kutoka matini zisizo za kifasihi, kila moja ikiwa na mistari isiyozidi 40, pamoja na karatasi ya muhtasari yenye nukta zisizozidi 10. Alama ni 40, zikigawanywa kumi kumi kati ya maarifa na ufahamu, uchambuzi na tathmini, mpangilio, na lugha.

Kinachounganisha dondoo hizo ni suala la kidunia. Suala hilo linatakiwa liwe na uzito mpana, livuke mipaka ya nchi, na liguse maisha ya kila siku ya watu mahali fulani. Wengi hukosea kwa kuchagua mada badala ya suala. Kijana wa Kasulu, aliyekua akisikia habari za kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996 kupokea wakimbizi kutoka Kongo, atasema suala lake ni "wakimbizi". Hiyo ni mada, na dakika 10 zitaisha akiwa bado anaeleza historia. Aibane: ni nini hasa kuhusu wakimbizi ambacho maandishi yanaweza kukionyesha? Akisema "jinsi lugha ya nyaraka rasmi inavyomgeuza mtu aliyekimbia makwao kuwa namba na takwimu", amepata suala ambalo litamlazimisha kuangalia viwakilishi, majina na vitenzi katika dondoo zake. Uhamaji wa kulazimishwa unakuwa mahali suala linapoishi, na lugha inakuwa kitu kinachochambuliwa.

Kwa upande wa matini zisizo za kifasihi, kumbuka kwamba dondoo lazima litoke katika mkusanyiko wa muumbaji mmoja anayetambulika: hotuba za kiongozi mmoja, katuni za mchoraji mmoja, matangazo ya kampeni moja. Misemo ya kanga iliyookotwa huku na kule ni zoezi zuri darasani, ila kama huwezi kuthibitisha chanzo kimoja, usiipeleke kwenye mtihani kabla hujamwonyesha mwalimu. Hotuba za Mwalimu Nyerere zinakidhi sharti hili vizuri, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, mradi uwe na matini iliyochapishwa na si kumbukumbu ya redioni.

Gawa dakika zako kwa haki: dondoo la kwanza na kazi nzima inakotoka, kisha la pili na mkusanyiko wake. Kuzungumzia dondoo bila kugusa kazi nzima hupunguza alama. Usikariri hotuba neno kwa neno. Ukikwama katikati hutakuwa na pa kuendelea, na maswali ya mwalimu yatafichua kila kitu.

Insha ya ngazi ya juu

Insha hii ina maneno 1,200 hadi 1,500 kuhusu kazi moja au mkusanyiko mmoja. Kufaulu kwake kuko katika swali. Swali zuri huanza na "kwa namna gani" au "kwa kiasi gani" na lina ndani yake mbinu na maana kwa pamoja. Ukiona swali lako linaweza kujibiwa na mtu aliyesoma muhtasari peke yake, libadilishe.

Ndani ya chumba cha mtihani

Katika Karatasi ya Kwanza utakuta matini mbili za aina tofauti, kila moja na swali elekezi. Wa ngazi ya kawaida huchagua moja kwa saa 1 na dakika 15. Wa ngazi ya juu huchambua zote mbili, kila moja peke yake, kwa saa 2 na dakika 15. Robo saa ya mwanzo iwe ya kusoma na kupigia mistari. Tambua aina ya matini, anayezungumza, anayezungumziwa, kisha tafuta mahali ambapo sauti inabadilika, kwa sababu hapo ndipo hoja yako itakapopatikana. Andika dai lako kwa sentensi moja kabla hujaanza aya ya kwanza.

Karatasi ya Pili ina maswali manne na unajibu moja, kwa saa 1 na dakika 45, bila vitabu. Usiandike nusu ya kwanza kuhusu kazi moja na nusu ya pili kuhusu nyingine. Linganisha ndani ya kila aya. Kwa kuwa hutakuwa na kitabu, usihangaike kukariri manukuu marefu. Beba kwa kila kazi matukio matano au sita unayoyafahamu kwa undani pamoja na virai vifupi vya mwandishi, na ujizoeze kuvieleza kwa kalamu huku saa ikiwa mezani, kwa sababu anayejiandaa kwa kusoma tu, hata akiwa na kumbukumbu nzuri, hukuta dakika zimekwisha kabla hajafika kwenye ulinganisho wa tatu. Soma maswali yote manne kabla ya kuchagua, na ukishachagua, rudia maneno muhimu ya swali katika sentensi ya kwanza ya kila aya ili usiteleze na kuandika insha uliyoizoea kutoka darasani.